Kiinua Mgongo na Mgongo Wenyewe

(Mhadhara kwa walimu na wauguzi wanaokaribia kustaafu, Morogoro)



Nilifundisha hisabati katika shule za sekondari kwa miaka 34, na nimekuwa mstaafu tangu mwaka 2012. Nazungumza nanyi kama mtu aliyekwisha kuvuka mto, anayewaonyesha wanaofika ukingoni wapi maji ni ya magotini na wapi ni ya shingoni. Yote nitakayosema leo yanakaa katika sentensi moja, nanyi mnaweza kuiandika sasa hivi kabla sijaifafanua: mstaafu anahitaji fedha inayoingia kila mwezi na mahali pa kwenda kila asubuhi. Nimewazika wenzangu waliokuwa na fedha lakini hawakuwa na sababu ya kuamka. Nimewazika pia wachapakazi ambao uzee uliwakuta mikono mitupu, wakahama kutoka kwa mtoto huyu kwenda kwa yule kama mzigo usio na mwenyewe. Vitu hivi viwili vinabebana. Kimoja kikianguka, cha pili hakikai muda mrefu.

Staafu na afya

Tuanze na neno lenyewe. Kustaafu tumelitoa katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kuomba kuachiliwa, kuomba kupumzishwa wajibu. Shina lake ndilo lililotupa maneno afya, afueni, na afu kwa maana ya msamaha. Staafu na afya ni ndugu wa tumbo moja. Kisha Waswahili wakabuni neno la kwao, zuri kuliko yote: kiinua mgongo. Mnaiona picha hiyo. Mtu ameinama shambani kutwa anapalilia, jua linapotua anashika kiuno, anajinyoosha taratibu, anatazama kazi aliyoifanya. Fedha anayopewa wakati huo ndiyo ya kumwinua mgongo.

Lakini lazima pawepo mgongo wa kuinuliwa. Mtu akifika miaka 60 mwili umekwisha kuvunjwa na presha ambayo hakuitibu, na madeni yamemlalia mabegani, fedha hiyo itamwinua vipi?

Na msidhani muda uliobaki ni mfupi. Katika kanuni ya mafao mtakutana na namba 12.5. Hiyo ni miaka ambayo mtu anakadiriwa kuishi kwa wastani baada ya kustaafu. Wastani ni wastani tu. Mzee Ali Hassan Mwinyi aliondoka Ikulu Novemba 1995 akiwa na miaka 70. Alifariki tarehe 29 Februari 2024 akiwa na miaka 98. Aliongoza nchi kwa miaka 10, akaishi ustaafuni zaidi ya miaka 28, karibu mara tatu ya muda wake wa madaraka. Mei 2021, akiwa ametimiza miaka 96, kitabu cha maisha yake kilizinduliwa naye akiwapo. Huenda nanyi mna miaka 28 mbele yenu. Muda huo unatosha kumwona mtoto aliyezaliwa leo akimaliza chuo kikuu na kuoa. Hakuna anayesafiri safari ya urefu huo na mkate mmoja mfukoni.

Hesabu ubaoni

Sasa nishike chaki. Mnajua kwamba mtumishi anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55, na kwa lazima akifikisha 60. Mnajua pia kwamba Agosti 2018 mifuko minne, yaani PSPF, LAPF, PPF na GEPF, iliunganishwa ikawa PSSSF kwa watumishi wa umma, na NSSF ikabaki na sekta binafsi. Kila mwezi mtumishi wa umma anakatwa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri anaweka asilimia 15. Ili upate pensheni ya uzeeni unatakiwa uwe umechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15.

Mnakumbuka mjadala wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao. Mwaka 2018 kanuni mpya zilishusha mkupuo, yaani fedha inayolipwa mara moja, hadi asilimia 25 kwa wengi, watumishi wakapaza sauti, na mwezi Desemba Rais Magufuli akaagiza kanuni za zamani ziendelee kwa muda. Julai 2022 likaja sharti la asilimia 33 kwa wote. Katika bajeti iliyosomwa Juni 2024, waliokuwa wameshushwa kutoka asilimia 50 hadi 33 walipandishwa hadi 40, na waliokuwa wametoka 25 kwenda 33 wakafikishwa 35.

Tuchukue kanuni ya 2022 tuipige hesabu pamoja, maana nimegundua wengi wanaibishia bila kuwahi kuipiga. Unatafuta wastani wa mshahara wa mwaka, kwa miaka mitatu iliyo bora katika kumi ya mwisho. Unazidisha kwa idadi ya miezi uliyochangia. Unagawanya kwa 580. Jibu ni pensheni yako kamili ya mwaka. Kwa viwango vya 2022, asilimia 67 ya hiyo unalipwa kidogo kidogo kila mwezi mpaka siku ya kufa kwako. Asilimia 33 inayobaki inazidishwa kwa 12.5, nawe unapewa mara moja. Huo ndio mkupuo.

Chukueni mwalimu mwenye wastani wa shilingi 1,160,000 kwa mwezi, aliyechangia miaka 30. Mshahara wa mwaka ni 13,920,000. Gawanya kwa 580, unapata 24,000. Zidisha kwa miezi 360, unapata 8,640,000. Mkupuo wake ni shilingi 35,640,000. Pensheni yake ya kila mwezi ni shilingi 482,400.

Andikeni namba hizo mbili zikiwa zimekaa jirani, mzitazame vizuri. Milioni 35 inaonekana kubwa kwa sababu mwalimu huyo hajawahi kushika hata milioni 5 kwa mpigo. Laki nne na themanini inaonekana ndogo kwa sababu juzi alikuwa na mshahara mara mbili na zaidi ya hapo. Macho yanadanganya. Ile ndogo, kwa miaka 20, ni zaidi ya shilingi milioni 115. Ile kubwa, ukiikalia vibaya, haimalizi miaka miwili. Mkupuo ukipandishwa kutoka asilimia 33 hadi 40, mwalimu wetu anaongezewa shilingi 7,560,000. Hizo ni fedha za maana, na watumishi walikuwa na haki ya kuzidai. Ila nawaomba mlipe swali lingine uzito uleule: baada ya miezi 24, ni kiasi gani cha mkupuo huo kitakuwa bado kinazaa?

Gari chini ya mwembe

Nitawasimulia yaliyonipata, kwa sababu mwalimu anayeficha kosa lake anawanyima wanafunzi somo.

Nilipolipwa mafao yangu, shemeji yangu alinishauri ninunue Hiace niiingize barabarani. Maneno yake yalikuwa na mantiki. Gari litaleta hesabu kila jioni, na mimi nitakaa barazani nikipokea. Nikanunua gari lililokwisha kutumika, nikatafuta dereva, tukapatana hesabu ya siku. Mwezi wa kwanza ililetwa. Mwezi wa pili ikaanza kuja na maelezo: leo trafiki, leo pancha, leo abiria hakuna. Mwezi wa tano injini. Nikatoa fedha ya spea kutoka benki, kisha nyingine, kisha nyingine. Dereva akaacha kazi, kila siku gari likawa kwa deiwaka mpya ambaye hakulijua wala hakulihurumia. Mwezi wa kumi na nne nikaliegesha chini ya mwembe nyumbani kwangu Bigwa, kuku wakaanza kulala ndani yake.

Sikuibiwa na mtu mmoja ninayeweza kumnyooshea kidole. Niliingia katika kazi nisiyoijua, nikiwa na miaka 60, kwa fedha ambayo nisingeweza kuipata tena. Mfanyabiashara wa magari ana gereji anayoiamini, anajua mlio wa gia inayokufa, anaamka saa tisa usiku kwenda stendi kuhesabu abiria. Mimi nilijua vipeo na vipeuo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na kila mwalimu ameifundisha methali hiyo darasani. Niliielewa vizuri nilipokuwa nalipa fundi.

Wenzangu wengine waliingia kilimo cha simu. Mtu yuko mjini, shamba la matikiti liko Kilosa, msimamizi anapiga simu kuomba fedha ya dawa, halafu fedha ya mafuta ya pampu, halafu anapiga kusema mvua imeharibu. Wengine walijenga nyumba kubwa kuliko mahitaji yao, ikaishia kwenye lenta, na leo ni pagale lenye miti iliyoota sebuleni. Nyumba ya kuishi ijengwe ukiwa na mshahara, chumba kwa chumba, hata kama itachukua miaka 15. Mtu akianza msingi na mkupuo, mkupuo wote utalala kwenye nondo.

Mshahara mpya

Basi mkupuo ufanyweje? Jibu langu ni kwamba sehemu yake kubwa igeuzwe kuwa mshahara mpya. Usiulize, "Nitanunua nini?" Uliza, "Italeta kiasi gani kila mwezi, bila mimi kuchoka na bila mtaji kuliwa?"

Miezi sita ya kwanza usifanye lolote kubwa. Iweke fedha benki katika akaunti ya muda maalumu, upumzike, ufikiri. Katika miezi hiyo utasikia mipango mingi ya haraka. Biashara nzuri itakuwepo hata baada ya miezi sita. Ile isiyoweza kukusubiri inakimbia kitu.

Kisha ziko hati fungani za Serikali, zinazouzwa na Benki Kuu kwa mnada. Wengi hudhani ni za matajiri, kumbe mtu anaweza kuanza na shilingi milioni moja, kupitia benki yake au kwa madalali wa soko la hisa. Unaikopesha Serikali kwa miaka 2, 5, 10, 15, 20 au 25, nayo inakulipa riba kila baada ya miezi sita, na muda ukiisha inakurudishia mtaji wako. Viwango hubadilika. Mwaka 2022, riba ya hati mpya za miaka 25 ilishushwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56, na waliokuwa wameshanunua wakaendelea kulipwa kiwango chao cha zamani. Ukipata dharura unaweza kuiuza hati yako sokoni kabla ya muda, ingawa bei yake siku hiyo inaweza kuwa juu au chini ya ile uliyonunulia.

Turudi kwa mwalimu wetu wa ubaoni. Katika milioni 35 zake achukue milioni 20 anunue hati, tuseme kwa riba ya asilimia 12. Kwa mwaka atapata 2,400,000, ambayo ni sawa na 200,000 kila mwezi. Jumlisha na pensheni yake ya 482,400, unapata 682,400. Amefika karibu asilimia 59 ya mshahara wake wa zamani, na hajagusa mtaji. Bado ana zaidi ya milioni 15 kando.

Sehemu ya hizo aiweke kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kama ile inayosimamiwa na UTT AMIS. Mfuko wa Umoja ulianza mwaka 2005, na baadaye ikaja mingine, ukiwamo Jikimu na wa Ukwasi. Unanunua vipande kidogo kidogo, na ukihitaji fedha unaviuza. Thamani ya vipande inaweza kupanda na kushuka, kwa hiyo soma taarifa za mfuko kabla ya kuingia. Sehemu nyingine, angalau matumizi ya miezi sita, ikae mahali unapoweza kuifikia usiku wa manane mtu akiugua. Inayobaki ndiyo ya kumalizia choo, kuweka tangi la maji, au kufungua kazi ndogo unayoijua.

Kwa nini isiwe pensheni peke yake? Kwa sababu ya bei. Gawa 72 kwa kasi ya mfumuko wa bei, utapata miaka ambayo bei zitachukua kufika mara mbili. Bei zikipanda kwa asilimia 3 kwa mwaka, 72 gawa kwa 3 ni 24. Pensheni isipoongezwa, laki nne na themanini ya mtu wa miaka 60 itanunua nusu tu ya bidhaa atakapofika 84. Kwa hiyo sehemu ya riba irudi tena kuwa mtaji, hasa miaka ya mwanzo ukiwa bado una nguvu.

Na kila shilingi iandikwe. Mali bila daftari huisha bila habari. Mimi nina daftari la kurasa 96 lililoning'inizwa kwa kamba jikoni, na mjukuu wangu ndiye anayejumlisha.

Wanaounusa mkupuo

Walimu wenzangu, siku mafao yanapoingia, simu yako inaanza kulia. Atapiga mtu anayejua jina lako, kituo chako cha kazi na tarehe ya kustaafu, aseme yuko makao makuu, faili lako lina kasoro, tuma kiasi fulani ili malipo yatoke. Hakuna fedha ya kulipia mafao. Hakuna namba ya siri ya kumtajia mtu. Kata simu, nenda ofisini kwa miguu yako.

Wapo pia wanaoleta faida isiyowezekana. Wengi wenu mnakumbuka DECI, watu walivyopanda "mbegu" wakiambiwa watavuna mara mbili na zaidi, mpaka Serikali ilipousimamisha mpango huo mwaka 2009 na maelfu wakabaki nje ya milango iliyofungwa. Majina yamebadilika tangu hapo, sasa mipango hiyo iko kwenye simu, lakini hesabu ni ileile. Anayeahidi asilimia 30 kwa mwezi anasema fedha yako itazaa mara 23 kwa mwaka mmoja. Hakuna shamba wala duka linalozaa hivyo. Kinachozaa hivyo ni fedha ya anayeingia baada yako, na siku waingiaji wakikatika, wa mwisho ndiye anayelia.

Na wapo wakopeshaji wa kausha damu. Wanawaomba walimu kadi za benki na namba za siri kama dhamana, kisha mwisho wa mwezi wao ndio wanaokwenda kutoa mshahara. Nimemwona mwenzangu akistaafu huku kadi yake iko mfukoni mwa mtu mwingine. Mwenye mkopo wa namna hii leo, hilo ndilo la kwanza kulimaliza, kabla hata ya kuota shamba. Ingieni SACCOS ya kazini, nunueni lile deni, mtoke. Aingiaye ustaafuni na deni anampa mkopeshaji kiinua mgongo chake.

La mwisho katika hili ni gumu kwa sababu linahusu tunaowapenda. Watoto na ndugu watakuja. Kuna harusi, kuna ada, kuna kijana anayetaka bodaboda. Kusaidiana ndio utu wetu. Lakini mtoto aliyemaliza mafao ya mama yake ndiye atakayelipia dawa zake miaka kumi baadaye, na wengi hawaliwezi hilo. Wewe na mwenza wako kaeni kabla fedha haijaingia, mpange kiasi cha kusaidia familia kwa mwaka, mkitangaze, kikiisha kimeisha. Mzazi anayesema "hapana" mapema anawalinda watoto wake na aibu ya baadaye.

Asubuhi ya kwanza

Sasa nije kwenye nusu ya pili ya sentensi yangu. Hakuna aliyenitayarisha kwa asubuhi ile ya kwanza. Niliamka saa kumi na moja kama kawaida, nikaoga, nikavaa, kisha nikakaa kitandani. Hakuna kengele, hakuna dawati, hakuna mtoto wa kusema "shikamoo Mwalimu". Wiki ya tatu nilianza kuumwa kichwa. Daktari alinipima, hakuona kitu. Akaniuliza, "Mwalimu, siku hizi unafanya nini?" Sikuwa na jibu.

Mtazameni Mwalimu Nyerere. Aliacha urais Novemba 1985 akiwa na miaka 63, akarudi Butiama kulima. Kuanzia 1987 hadi 1990 aliongoza Tume ya Kusini. Alizitafsiri Injili kwa mashairi ya tenzi, kazi iliyochapishwa mwaka 1996, na miaka yake ya mwisho alisuluhisha mgogoro wa Burundi mpaka alipofariki mwaka 1999. Mtasema yeye alikuwa rais. Ni kweli. Lakini kulima na kutunga si kazi zinazohitaji urais. Alichukua mambo mawili aliyoyajua tangu ujanani, jembe na kalamu, akayapa nafasi yaliyonyimwa na ofisi.

Nanyi mna majembe yenu na kalamu zenu. Muuguzi anaweza kufundisha kina mama wa mtaa wake kuhusu lishe ya watoto, akashika siku mbili za wiki katika zahanati. Fundi cherehani wa usiku anaweza kuwa fundi wa mchana. Mwalimu ana twisheni, ana maktaba ya kijiji, ana kamati ya shule inayohitaji mtu wa kusoma hesabu. Ziko VICOBA, ziko kwaya, ziko madrasa, yako mabaraza ya wazee. Kipimo changu ni rahisi: siku usipotokea, yupo mtu atakayekuuliza ulikuwa wapi?

Na kazi hiyo ianze kabla. Kama mna miaka mitano, jaribuni sasa kwa fedha ndogo ya mshahara. Mwenye kutaka kuku aanze na 20, ajue ugonjwa wa kideri unavyoingia bandani. Mwenye kutaka shamba la viungo, apande miche ya pilipili manga kule Kinole au Matombo sasa, maana mimea haifupishi miaka kwa ajili ya mstaafu. Ukikosea ukiwa na mshahara, umelipa ada. Ukikosea baada ya hapo, umelipa kwa uzee wako.

Mgongo wenyewe

Wauguzi waliomo humu wanajua mambo ya mwili kunishinda. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ni nusu saa ya kutembea kwa kasi, siku tano. Kwa waliofika 65 linasisitiza pia mazoezi ya misuli na ya kujisawazisha, kwa sababu kuanguka bafuni kunaweza kummaliza mzee kuliko homa. Simama kwa mguu mmoja ukishika ukuta unapopiga mswaki. Inuka kwenye kiti mara kumi bila kushika chochote. Havihitaji fedha wala nguo maalumu.

Mimi hutembea alfajiri kuelekea miguuni mwa milima ya Uluguru na kurudi. Tulianza wawili, sasa tuko tisa, na tukirudi tunakunywa uji pamoja. Pima presha na sukari hata usipoumwa. Na kabla hujastaafu, ulizia ofisini utaratibu wa kadi ya bima yako na ya mwenza wako. Ugonjwa mmoja mkubwa usio na bima unaweza kuyeyusha hati fungani ya miaka 20 kwa mwezi mmoja.

Jalada

Naligusa hili kwa ufupi, lakini nimeona watu wakisubiri mafao yao miezi mingi kwa sababu yake. Kusanyeni sasa barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa daraja na za uhamisho, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha Taifa. Jina liwe lilelile kila mahali. Kama cheti kinasema Mwanaidi na mshahara unasema Mwanahidi, rekebisheni leo mkiwa na afisa utumishi anayewajua kwa sura. Kagueni michango yenu kila mwaka, mwezi kwa mwezi. Taarifa ya kustaafu iandikwe miezi sita kabla. Na andikeni wosia. Wosia hauvuti kifo, unazuia ndugu kugombana kwenye matanga.

Wasio na mkupuo

Tunapozungumza kuhusu kikokotoo tukumbuke kwamba Watanzania wengi hawana kikokotoo. Mkulima wa Mgeta aliyetulisha kabichi miaka yote, mama lishe, fundi baiskeli, hakuna mwajiri anayewawekea asilimia 15. Zanzibar ilichukua hatua ya heshima Aprili 2016 ilipoanza kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 pensheni jamii, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa na ajira au hakuwa nayo. Natamani kuiona Bara nzima ikifika hapo. Wakati tunasubiri, kila mmoja wetu anaye dada wa nyumbani, kijana wa bodaboda, mpwa mwenye genge. Mfundisheni kujiandikisha na kuchangia kwa hiari mfuko wa hifadhi, hata kidogo. Mtu wa miaka 25 ana kitu ambacho nyie na mimi hatunacho tena: miezi 420 mbele yake.

Nimalizie pale chini ya mwembe. Ile Hiace niliiuza kama chuma chakavu. Fedha niliyopata ilikuwa ndogo mno, nikaitazama siku tatu bila kujua niifanyie nini. Kisha nikakumbuka kwamba baba yangu alikuwa mbebeshaji wa miti ya matunda, na nikiwa msichana mimi ndiye niliyekuwa namshikia kisu. Nikanunua udongo, samadi na viriba, nikapanga kitalu palepale lilipokuwa limeegeshwa gari. Leo pana miche mia nane ya parachichi za kubebesha, michungwa na mikarafuu. Haijanitajirisha. Inalipa umeme, maji na ada ya mjukuu mmoja, na hati fungani ninayoinunua kidogo kidogo inalipa mengine. Wakulima wanakuja kununua, wanakaa, wananiuliza kwa nini mche wa kwao unanyauka. Nafundisha tena.

Kabla hamjaondoka, kila mmoja aandike mistari miwili nyuma ya karatasi yake. Wa kwanza: kila mwezi kitaingia nini? Wa pili: kila asubuhi nitakwenda wapi? Ambaye mstari wake mmoja uko mtupu bado ana muda, na ninakaa Bigwa, nyumba yenye mwembe. Njooni asubuhi na mapema, saa ya kumwagilia.